Hina ya Arobaini

"Lete nkono," alisema Bi Mwanapili, na Masika akautoa mkono kama mtu anayempokeza mwenziwe kata ya maji, bila kutazama unakokwenda.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya arobaini tangu Masika ajifungue. Bi Mwanapili, jirani yake wa ua kwa ua, alikuja na bakuli la hina aliyoiponda mwenyewe, akaikanda kwa maji ya ndimu na chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa mpaka ikawa nzito kama udongo wa kukandikia. Alimkalisha kwenye mkeka, akamzungushia mwezi katikati ya kila kiganja, akamchovya ncha za vidole kimoja kimoja, kisha akashuka kwenye nyayo. Mtoto alikuwa amelala kitandani, nyusi zake zimeshatiwa wanja.

"Mwanamke hatoki arobaini mikono mitupu," Bi Mwanapili alisema. "Hutoka kama mwari. Hata kama kwenu bara hamfanyi, wee umezaliwa hapa Kengeja na umezalia hapa Kengeja. Tena umezalia nkononi mwangu."

"Ahsante, Bi."

"Ahsante tu? Mie naongea na nguzo?" Akacheka mwenyewe. "Haya. Nguzo nayo hupakwa chokaa."

Masika alijua kwamba pale ndipo pa kucheka, akanyanyua midomo. Tangu mvua za mwaka uliopita mwili wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, unaubeba, unakwenda nao, lakini si wako. Alimnyonyesha mtoto kwa wakati, akambadilisha winda kwa wakati, na usiku akiamka kumsikiliza kama anapumua. Akiisha kumsikia, naye hupumua, akarudi kulala, bila furaha na bila hofu.

Mtoto wake wa kwanza, Yona, alikufa akiwa na wiki sita. Padre alikuwa Unguja, na barabara ya kutoka bandarini imekatika kwa mvua. Katika misheni ile, mtoto asiyebatizwa hakuwa na nafasi ndani ya ua wa kanisa. Yona akalazwa nje ya ua, upande wa mihogo, na hakuna aliyekuja kusoma, kwa kuwa hapakuwa na ibada ya kusomwa. Waliokuja ni Bi Mwanapili na mumewe, Mzee Pandu. Bi Mwanapili alimwosha. Mzee Pandu alichimba pamoja na Safari, mume wa Masika. Ulikuwa mwaka ambao watu wa vyama viwili vya siasa walikuwa hawazikani, hata ndugu wa tumbo moja. Na Mzee Pandu akamzika mtoto wa Kikristo, akajikung'uta udongo, akenda zake kuswali.

Sasa alikuwapo huyu wa pili, msichana. Padre angefika Jumapili hiyo, na baada ya hapo asingeonekana tena mpaka mvua ziishe. Masika alikuwa na jambo moja tu la kufanya katika dunia, na jambo lenyewe lilikuwa Jumapili.

"Usinawe mpaka alasiri," Bi Mwanapili alisema akikusanya bakuli lake. "Na ikikolea vizuri, ujue mumeo anakupenda. Isipokolea, ujue n'lipunguza ndimu."

*

Ijumaa alasiri Mzee Hezroni alipiga hodi. Yeye ndiye Mzee wa Kanisa, aliyewasimamia Wakristo thelathini na ushei wa pale, wengi wao watoto wa watu waliotoka bara kuchuma karafuu wakabaki. Kila Jumamosi alinyoa ndevu zake mpaka kidevu kikang'aa kama sahani, maana kila mzee wa Kiislamu wa Kengeja alifuga ndevu, naye alitaka mtu akimwona tangu mbali ajue huyu ni wa wapi. Alikuja na daftari la ubatizo kwapani.

"Karibu, Mzee," Safari alisema, akamwachia kiti kimoja kilichokuwapo, akasimama mlangoni. Safari alikuwa seremala wa misheni, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya misheni.

Masika akaleta kikombe cha chai. Mzee Hezroni akanyoosha mkono kupokea, kisha mkono ukasimama njiani. Kikombe nacho kikabaki hewani. Masika hakujua akirudishe au aendelee kukishika, akaendelea kukishika.

"Nini hicho?"

"Chai, Mzee."

"Chai naiona. Mikononi."

"Hina. Bi Mwanapili kanipaka. Nimetoka arobaini jana."

"Arobaini." Mzee Hezroni alilitamka neno hilo polepole. "Watu wa Kristo wana arobaini?"

Akafungua Kitabu, akasoma kwa sauti ile ya kanisani, japo chumba kilikuwa cha hatua nne. Alipomaliza akawaeleza, kana kwamba hawakusikia: Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mwanamke ajipambe kwa haya na kiasi, si kwa nywele za kusukwa, si kwa dhahabu wala lulu. "Na Petro naye kasema yayo hayo. Mitume wawili, Masika. Wawili!"

"Hina hawakuitaja," Safari alisema pale mlangoni, kwa nusu sauti.

"Na tembo la mnazi hawakulitaja. Tukalinywe?"

Safari akatazama vidole vyake vya miguu. Masika akakiweka kikombe chini, karibu na kiti. Hakikunywewa.

"Sikiliza, mwanangu," Mzee Hezroni alisema, na safari hii hakusema kwa ukali. "Jumapili nataka mikono iliyotakata. Ikiwa haitoki, utasimama mbele ya watu useme yule mwanamke alikupaka kwa nguvu, na kwamba unazikataa ada zao. Ukishasema, tumekwisha, mtoto atabatizwa. Hutaki hili wala lile, basi mtoto atangoja Padre arudi baada ya mvua."

"Mvua," alisema Masika.

"Ndiyo. Mwezi wa sita, ikiwa barabara nzuri."

Akamwuliza jina la mtoto. Tabitha, Safari alijibu. Mzee Hezroni akaliandika kwa penseli. Majina yaliyotangulia katika ukurasa ule yote yalikuwa ya wino.

*

Jumamosi asubuhi Masika alikaa uani na sabuni ya mche, jivu, mchanga na kumbi la nazi. Alisugua. Ilipogoma akakata ndimu, akasugua kwa ndimu, na hina iliyokuwa rangi ya embe bivu ikageuka rangi ya matofali. Akaongeza ndimu. Ikawa rangi ya damu iliyoganda. Ngozi ya viganja ilianza kuchubuka pembeni mwa ule mwezi, na vidonda vidogo vikatokea kwenye pingili.

Safari alitoka ndani akamwona. "Masika! Haikuumi?"

Alifikiri kidogo. "Sijui."

Safari akachutama, akamnyang'anya kumbi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuzungumza na mbao zaidi kuliko na watu. "Sema tu," alimwambia. "Maneno matatu. Bi Mwanapili hatakuwapo. Hatasikia."

"Wewe utasikia."

"Mimi sina neno."

"Na mimi nitasikia."

"Nyumba ni yao, Masika. Kazi ni yao. Na mvua hizo zinakuja." Akanyamaza, kisha akasema akitazama upande wa mihogo, "Mimi sichimbi tena kule. Siwezi."

Safari akainuka. "Basi nitakutafutia kitambaa ufunge mikono. Tutasema umeungua na uji, Mzee hatafungua kuangalia kama imetoka. Uongo wa uji haumdhuru mtu."

Akenda dukani kwa Ramji. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na kitambaa amekikunja kikunjo kidogo kama mtu aliyeiba.

"Nimemwambia Ramji anikatie nusu yadi ya bafta nyeupe," alisema. "Akashusha mkasi. Akaniuliza, 'Mtoto tena, Safari?' Baraza zima likageuka. Watu wakasema innalillahi."

"Ukawaambia nini?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nataka kumfunga mke wangu mikono? Nimesema, kata tu."

Masika akakitazama kile kitambaa. Nusu yadi ya bafta. Ndicho kipimo alichonunua Safari mwaka jana, katika duka lile lile.

Hawajaingia ndani, wakasikia vishindo vya mtu anayekimbia, na mlango wa ua ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Bi Mwanapili. Alikuwa kichwa wazi. Hana buibui, hana ukaya, hana hata kanga ya kujitupia. Mvi zake zimesimama, na Masika, aliyemjua tangu utotoni, hakuwahi kuziona mvi zile hata siku moja.

"Yuwapi? Yuwapi ntoto?"

Akapita katikati yao kama hawapo. Wakamkuta ndani amempakata Tabitha, amemwekea pua shingoni, anamnusa. Mtoto akapiga chafya. Bi Mwanapili akakaa chini kwenye sakafu, pu, kama mzigo uliokatika kamba.

"Watu wasema mumeo kanunua sanda," alisema alipopata pumzi. "N'likuwa jikoni kwa watu, ng'ambo ya duka. Sijui hata nimepita wapi. Baraza zima la Ramji limeniona kichwa hiki. Mzee Pandu akisikia atanicheka mpaka Ramadhani." Akacheka yeye kwanza, na machozi yanamtoka, akijifuta kwa winda la mtoto. "Wee Safari, umelogwa? Bafta ya nini mchana kweupe?"

Safari akamtazama mkewe. Masika alikuwa ameingiza mikono yote miwili chini ya kanga.

"Ya kofia, Bi," alisema Safari. "Kofia ya kubatiziwa."

"Kofia! Na mnaishona nyie? Wee huwezi kushona hata gunia." Bi Mwanapili akanyoosha mkono. "Nipe. Ntoto wangu hatiwi maji na kofia ya mshono wa kiseremala."

Safari alikuwa amekishika kile kitambaa. Alikishika kwa muda uliozidi kidogo, kisha akakitoa. Bi Mwanapili akajitanda kanga ya Masika kichwani, akatoka na bafta.

"Sasa utafunga nini?" Safari aliuliza.

"Sitafunga."

*

Mchana ule Masika alikichukua Kitabu. Kusoma alijifunza katika darasa la jioni la watu wazima, kwenye baraza ya skuli, yeye na wanawake kumi wa pale, mimba ikimtangulia tumboni. Bado alisoma kwa kuweka kidole chini ya neno, akilishika lisikimbie. Alitafuta waraka ule wa Paulo alioonyeshwa Ijumaa, akausoma, kisha akarudi nyuma mstari mmoja, kwa kuwa mwalimu wao aliwafundisha kwamba ukilikuta neno gumu, uliza jirani yake.

"Safari," aliita. "Kabla hajafika kwetu wanawake, kaanza na nyie wanaume."

"Kasema nini?"

"Msali popote mlipo, mkiinua mikono safi. Bila hasira na bila mabishano."

"Hapo Mzee hakusoma."

"Hakusoma."

Akaendelea kufunua. Sheria za Musa zilikuwa nyingi, nyingine za nguo, nyingine za vyakula, na kidole chake kilipita juu yake kama mtu anayechambua mchele. Mwishowe kikasimama. Akasoma mara mbili kuhakikisha, kisha akamsomea mumewe: mwanamume asizinyoe pembe za ndevu zake.

Safari aliguna. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. "Pembe za ndevu! Na kile kidevu chake!" Alicheka mpaka akaweka chini msasa. Masika alimtazama akicheka. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, kama kutazama moto wa jirani ukiwa umekaa kwenye baridi.

*

Jumapili asubuhi kofia ilipitishwa juu ya ua. Bafta ilikuwa imedariziwa vitundu vidogo vidogo pembeni, kazi ya mtu aliyekaa nayo usiku kucha. Walimvika Tabitha wakaenda.

Mzee Hezroni alikuwa amesimama kwenye mlango wa kanisa, kidevu kimenyolewa tangu jana, na penye mkwaruzo wa wembe amebandika kijikaratasi. Akaitazama mikono ya Masika iliyompakata mtoto, wazi, michubuko na rangi yote.

"Haikutoka."

"Haikutoka, Mzee."

"Basi utasema."

"Nimesoma, Mzee. Yale ya Paulo, na ya kabla yake. Na nimesoma sheria ya Musa juu ya ndevu."

Mkono wa Mzee Hezroni ukapanda wenyewe mpaka kidevuni, ukakuta karatasi, ukashuka. "Ile ilikuwa ya Wayahudi. Sisi tumefunguliwa."

"Nyie mmefunguliwa. Mie nani kanifunga?"

Alidhani atafoka. Hakufoka. Aligeuka akatazama njia, na alipozungumza alikuwa kama mtu anayezungumza na njia. "Binti yangu kaolewa Chokocho. Kasilimu. Siku za soko wanapita hapa, wanne, watano, wote ndani ya mabuibui. Nasimama. Simjui yupi wangu mpaka wameshapita. Leo ninyi hina, kesho wanja, keshokutwa nini? Iko siku nitasimama mlangoni hapa nisimjue hata mmoja."

Jibu la hilo halikuwamo katika Kitabu, si mahali alipofika kidole cha Masika. "Pole, Mzee," alisema.

"Ingia," alisema Mzee Hezroni. "Useme."

Padre alikuwa mtu mzima wa bara, macho yake hayaoni vizuri, amechoka kwa gari la usiku uliopita. Ilipofika zamu yao, Mzee Hezroni alitangulia mbele akasema mama wa mtoto huyu ana neno kwa kanisa. Watu wakageuza shingo. Safari alikuwa kando ya Masika, na Masika alisikia jinsi mumewe anavyopumua.

"Haya, mama," Padre alisema.

"Mikono yangu ina hina," alisema Masika. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Kanipaka jirani yangu, Bi Mwanapili, kwa arobaini yangu. Hakunilazimisha. Nilimpa mikono mwenyewe. Yeye ndiye aliyemwosha mwanangu wa kwanza."

Mtu alikohoa nyuma. Mzee Hezroni alifumba macho.

Padre akainama karibu, kwa ajili ya yale macho yake. Aliitazama mikono upande wa juu, kisha akaigeuza kwa kidole, akauona mwezi na michubuko iliyouzunguka. Joho lake la ibada lilikuwa na uzi wa dhahabu kwenye mikono, na uzi huo ulikuwa sasa unagusana na kiganja cha Masika. Padre aliutazama uzi wake, akakitazama kiganja.

"Hii imesuguliwa," alisema. "Nani kasema isuguliwe?"

Mzee Hezroni akafumbua macho. Masika hakumtaja.

"Leteni maji," Padre alisema.

Kofia ikavuliwa. Maji yalimpita Tabitha utosini, yakashuka nyuma ya masikio, yakajaa katika viganja vya mama yake, yakadondoka sakafuni. Yalidondoka meupe. Mtoto akalia kilio cha kutosha watu thelathini. Mzee Hezroni akafungua daftari, akatoa penseli yake.

"Wino, Hezroni," alisema Padre.

Walipotoka nje, Mzee Hezroni alimshika Safari begani. "Kesho asubuhi uje," alimwambia. "Tuna maneno juu ya nyumba."

Walitembea kurudi. Karibu na ile mihogo alipolazwa Yona, Safari alisema, "Watatutoa."

"Huenda."

"Nina mikono," Safari alisema baada ya hatua kadhaa. "Mbao ziko kila mahali."

*

Bi Mwanapili alikuwa kwenye kizingiti cha nyuma, ukaya wake umefungwa barabara safari hii, kama mtu aliyekwishajifunza.

"Wamemtia maji?"

"Wamemtia, Bi."

"Kalia?"

"Sana."

"Alhamdulillahi. Na kofia imemkaa?"

"Imemkaa."

"Lete nkono niione hina yangu."

Masika alisita. Safari akampokea mtoto, akaingia ndani. Masika akautoa mkono, na Bi Mwanapili akaushika mkononi mwake, akautazama mwezi wake uliokolea kupita kiasi, akaitazama ngozi iliyovuka pembeni na vile vidonda vya pingili. Alikuwa amekaa na watu wa misheni ua kwa ua miaka thelathini, hakuhitaji kuuliza nani kasema itolewe.

"Ulisugua na ndimu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mjinga wee. Ndimu ndiyo huikoleza."

Akainuka, akenda kwake, akarudi na mafuta ya nazi katika kifuu. Akakaa, akauvuta ule mkono mapajani mwake, akayamimina mafuta katikati ya kiganja, akaanza kuyazungusha kwa kidole gumba, kuufuata mwezi taratibu, kutoka nje kuingia ndani.

"Inawasha?"

Masika alikuwa na jibu tayari, lile lile "sijui" alilompa Safari jana uani. Alifungua mdomo kulitoa. Halikutoka. Kitu kilikuwa kimeanza katika kiganja, chembamba kama mchomo wa sindano, kikapanda kwenye kifundo, kikapanda kwenye kiwiko, kikafika kifuani kikakwama.

"Inawasha," alisema. "Bi, inawasha. Inawasha sana."

Bi Mwanapili hakuacha kupaka, wala hakuinua uso kumtazama.

"Haya," alisema. "Lete na wa pili."